Sauti ya mtafiti mchanga kando ya Ziwa Victoria: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kikundi chetu kidogo cha watafiti wachanga hukutana hapa Mwanza. Kunakuwa na chai, chapati, na mtu mmoja mwenye kazi ya kuonesha. Wapo wa samaki, wapo wa magonjwa, wapo wa pamba, wapo wa maji. Kila kikao huja wageni wawili watatu, na maswali yao yanafanana. Nimeyakusanya nikayajibu kadiri nijuavyo. Wenzangu wameyasoma majibu na kunirekebisha mahali pawili. Lile la malipo hatujakubaliana hadi leo.

Mtafiti mchanga ni nani hasa?

Wengi wakisikia neno hili wanamfikiria mtu aliyemaliza shahada ya uzamivu juzi. Hata vyombo vya kimataifa huhesabu hivyo: Global Young Academy, iliyoanzishwa mwaka 2010, kwa kawaida huchagua watu waliomaliza uzamivu kati ya miaka mitatu na kumi iliyopita. Kwetu hesabu hiyo inawaacha nje watu wengi mno. Yumo mwenye stashahada anayepima dagaa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, tangu alfajiri. Yumo mtaalamu wa maabara anayesoma slaidi mia kwa siku. Yumo mwanafunzi wa uzamili ambaye hajui ada ya muhula ujao itatoka wapi. Umri hatuulizi. Tunachouliza ni kama kazi unaifanya wewe huku uamuzi ukifanyika wewe ukiwa nje ya mlango. Kama ndivyo, wewe ni mwenzetu.

Kwani hatusikilizwi? Mbona kwenye vikao tunapewa nafasi ya kuuliza maswali?

Nitajibu kwa kisa changu mwenyewe. Nilianza kazi kama mkusanya takwimu kwenye mradi mmoja wa kichocho, katika vijiji vya kando ya ziwa. Dodoso liliandaliwa mbali, likatafsiriwa kwa Kiswahili safi kabisa. Swali la 14 lilisema: "Je, katika siku saba zilizopita umekwenda ziwani?"

Siku ya kwanza, saa mbili asubuhi, nilimkuta mama mmoja amesimama kwenye maji yanayomfika magotini, anasuuza dagaa kwenye beseni. Kanga kaifunga kiunoni. Nikamwamkia, akatoka majini, tukakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikamsomea swali kama lilivyo. Akanitazama, maji bado yanamtiririka miguuni, akasema, "Hapana mwanangu, mimi siendi ziwani. Anayekwenda ziwani ni baba watoto."

Kwa watu wa mwalo ule, kwenda ziwani ni kwenda kuvua. Kusuuza dagaa, kuchota maji, kufua, kuogesha mtoto, yote hayo ni mambo ya hapahapa ufukweni, na mtu hasemi amekwenda popote. Na vijidudu vya kichocho, vinavyotoka kwenye konokono na kupenya ngozi ya binadamu, makao yao ni hayohayo maji ya kina kifupi. Nikaandika "Hapana", mkono ukiwa mzito. Jioni nikamweleza kiongozi wa timu. Akanijibu, "Uliza kama ilivyoandikwa." Hakuwa mtu mbaya, maana naye aliagizwa hivyohivyo. Tukauliza kama ilivyoandikwa kwa wiki sita. Uchambuzi ulipotoka, wanawake walioonekana kwenye karatasi hawagusi maji ndio waliokutwa na mayai ya kichocho kwa wingi, na wakubwa wakaitisha kikao kulijadili fumbo hilo. Mimi sikualikwa.

Kwa hiyo ninapozungumzia sauti simaanishi zile dakika tano za maswali kabla ya chakula cha mchana. Ninamaanisha kuwepo siku swali la 14 linapoandikwa, na kuwa na mahali pa kulirudisha siku linapokwama.

Lakini mtu asiye na uzoefu atamwambia nini profesa?

Atamwambia alichokiona. Mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, huko Lushoto, aliingiza mchanganyiko wake wa aiskrimu, maziwa na sukari, kwenye jokofu ukiwa bado wa moto, kwa sababu nafasi zilikuwa zinaisha. Mwenzake mmoja aliingiza wa kwake bila kuuchemsha. Ule wa moto ukatangulia kuganda. Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Aliendelea kuuliza. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alitembelewa na mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, akamuuliza mbele ya darasa zima, na darasa likacheka.

Huyo kijana ni Erasto Mpemba, na Watanzania wengi wanalijua jina lake. Ninachopenda kukitazama katika kisa hiki ni alichofanya Osborne. Hakumwambia Mpemba kwamba amepatia, wala hakumwambia amekosea. Alirudi chuoni akaagiza jaribio lifanyike. Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Physics Education ikiwa na majina mawili, na la kwanza lilikuwa la Mpemba. Wanafizikia wanabishana hadi leo kuhusu lini hali hiyo hutokea na kama hutokea kweli, na mabishano hayo yamezaa makala nyingi. Yote yalianza kwa mwanafunzi aliyekataa kunyamaza na mkubwa mmoja aliyekubali kujaribu. Ukiniuliza vijana tunataka nini kwa wakubwa wetu, ninataka hicho tu: wajaribu kabla ya kutucheka.

Kwa nini Mwanza? Mambo yote si yako Dar es Salaam?

Ofisi nyingi ziko huko, ni kweli. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 na ambayo ndiyo hutoa vibali vya utafiti, iko Dar es Salaam. Lakini swali lenyewe huzaliwa mahali tatizo lilipo, na matatizo yetu yamekaa kwenye ziwa la kilomita za mraba takriban 68,800, karibu nusu yake ikiwa Tanzania. NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ina kituo hapa, TAFIRI wa utafiti wa uvuvi wana kituo hapa, Bugando wanafundisha madaktari na watafiti wa tiba, chuo kikuu cha SAUT kiko Malimbe, na Ukiriguru pale Misungwi wanatafiti pamba tangu enzi za ukoloni.

Tena mji huu umewahi kuifundisha dunia. Kati ya mwaka 1991 na 1994, utafiti uliofanyika katika jamii 12 za mkoani Mwanza ulionesha kwamba kuboresha matibabu ya magonjwa ya ngono katika vituo vya afya vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Matokeo yalichapishwa katika jarida la tiba la The Lancet mwaka 1995 na yakasomwa kila pembe. Kila ninapoisoma makala ile huwafikiria walioshika dodoso, waliopanda baiskeli na mitumbwi kuwafuata watu wale wale kwa mara ya pili. Au chukua samaki. Timu ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ilianza kuchunguza furu, samaki wadogo wa ziwa hili, katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, wengi wao wakiwa wanafunzi na watafiti wa umri wetu. Kwa kuwa walikuwepo, walimwona sangara akiongezeka na furu wakitoweka katikati ya miaka ya 1980, wavu kwa wavu. Takwimu walizokusanya kabla ya hapo haziwezi kukusanywa tena na mtu yeyote, hata awe na fedha kiasi gani.

Jina langu litakaa wapi kwenye makala?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, mara nyingi baada ya kikao, tukiwa tunaosha vikombe.

Anza kwa kujua kanuni. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ambayo miongozo yake hufuatwa na majarida mengi ya afya, inataka mwandishi atimize mambo manne. Awe na mchango wa maana katika kubuni kazi, au katika kukusanya, kuchambua au kufasiri takwimu. Awe ameshiriki kuandika rasimu au kuipitia kwa kina. Awe ameidhinisha toleo la mwisho. Na akubali kuwajibika kwa kazi hiyo.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi tunapoachwa. Mkusanya takwimu anatimiza la kwanza, kisha haletewi rasimu, kisha anaambiwa hakushiriki kuandika, jina lake linaishia kwenye shukrani, na huko nako limekosewa herufi. Miongozo hiyohiyo inasema wazi kwamba aliyetimiza jambo la kwanza apewe nafasi ya kutimiza yanayobaki. Sentensi hiyo ichapishe, iweke kwenye faili lako. Si kila aliyejaza dodoso anastahili kuwa mwandishi, hilo nalikubali kabisa. Lakini kila aliyechangia fikra anastahili kuletewa rasimu, na asiyeletewa amenyimwa haki.

Mazungumzo ya majina yafanyike kabla boti haijang'oa nanga. Nasema hivi kwa kuwa nimeona mara nyingi mno jambo hili likiachwa hadi makala ikamilike, na hapo kila mtu anakumbuka mchango wake kuwa mkubwa kuliko wa mwenzake. Karatasi moja inatosha: nani atafanya nini, nani anatarajiwa kuwa mwandishi wa kwanza, na nini kitatokea mtu akiondoka mradini. Muweke tarehe, mpeane nakala. Majarida mengi siku hizi hutumia pia orodha ya majukumu 14 iitwayo CRediT, inayoonesha aliyebuni wazo, aliyekusanya, aliyetunza takwimu, aliyechambua, aliyeandika rasimu ya kwanza, na kadhalika. Itumieni hata kama jarida halijaidai, kwa sababu inawafanya watu waseme kwa maandishi walichofanya.

Kuhusu miradi ya kushirikiana na nchi za nje: Tamko la Cape Town, lililotokana na kongamano la dunia la uadilifu katika utafiti la mwaka 2022, linahimiza haki na usawa kati ya washirika tangu swali la utafiti linapotungwa. Litaje kwenye kikao. Ni rahisi zaidi mkubwa kukubaliana na tamko lenye jina kuliko na kijana anayelalamika.

Je, nikubali kufanya kazi bila malipo ili nipate uzoefu?

Hapa ndipo tulipogawanyika. Mimi nasema mafunzo kwa vitendo yawe na mwanzo na mwisho ulioandikwa, na siku yanapokwisha, ama ulipwe ama uondoke. Mtu anayejitolea mwaka wa pili hana ubavu wa kusema swali la 14 lina kasoro, maana nauli ya kesho anamtegemea yuleyule anayetaka kumkosoa. Wenzangu wawili wanasema wao wasingefika popote bila kujitolea. Nawaheshimu, na bado sijabadili msimamo.

Nitampingaje profesa wangu bila kumvunjia heshima?

Tumelelewa na methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na tunaijibu kwa kunyamaza. Mimi naisoma hivi: methali inamwagiza mdogo asikie. Haimkatazi mkubwa kusikia.

Kinachofanya kazi kwetu ni hiki. Usimpinge mkubwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Mfuate kabla ya kikao, ofisini au hata kwenye maegesho ya magari, na uwe na ushahidi mkononi. Mwenzetu mmoja aligundua kwamba kipimo cha oksijeni kilichotumika mwezi mzima hakikuwa kimesahihishwa. Alikwenda na daftari lake la ziwani. Mazungumzo yalikuwa hivi, kama alivyotusimulia:

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba, karibu. Umekuja na daftari leo?"

"Ndiyo, Profesa. Naomba unisaidie kuelewa kitu. Asubuhi ya tarehe tatu na ya tarehe tisa, kina kilekile, hali ya hewa ileile, tofauti ni kubwa hivi. Nimepitia fomu ya usahihishaji wa kipimo nikakuta haijajazwa tangu mwezi uliopita."

Profesa alikaa kimya. Akavaa miwani. "Kwa hiyo unasema takwimu za mwezi mzima zina shaka?"

"Ninasema za siku hizi kumi na mbili, Profesa. Nyingine nimezikagua, ziko sawa."

Angalia alivyofanya. Aliomba msaada wa kuelewa, na kweli alikuwa anauhitaji. Alisema idadi kamili ya siku, hakutupa tuhuma ya jumla. Akaja akiwa ameshakagua zilizobaki. Takwimu za siku 12 ziliondolewa, na siku ya kikao profesa mwenyewe ndiye aliyeeleza sababu, akamtaja aliyegundua.

Haiwi hivi kila mara. Wapo watakaokukatalia hata na daftari. Ukikataliwa, andika barua pepe fupi yenye adabu: "Asante kwa muda wako. Nilivyoelewa, tumekubaliana tuendelee na takwimu zote pamoja na zile za tarehe hizi." Usiongeze lawama. Siku swali litakaporudi kutoka kwa wahakiki wa jarida, barua ipo.

Vyombo rasmi vya vijana vinasaidia kweli?

Vinasaidia vikiwa na meno. Ujerumani walianzisha akademia ya watafiti vijana mwaka 2000, Afrika Kusini wakaanzisha yao mwaka 2011, na mtindo huo umeenea nchi nyingi. Nchini kwetu, tangu mwaka 2011, Young Scientists Tanzania inawapa wanafunzi wa sekondari nafasi ya kufanya utafiti wao na kuuonesha kwenye maonesho. Nimewahi kukaa na wanafunzi wa aina hiyo, na nakuhakikishia wanauliza vikali kuliko wengi wetu wenye shahada.

Ukialikwa kwenye kamati kama mwakilishi wa vijana, uliza mambo mawili kabla ya kufurahi. Je, nitaletewa nyaraka pamoja na wengine, au nitazikuta mezani? Je, nina kura? Kama jibu la yote mawili ni hapana, wameita pambo la kupigia picha. Kataa kwa upole, au nenda ukaidai kura siku ya kwanza.

Mimi ni mama wa mtoto mchanga. Sauti hii inanihusu?

Inakuhusu kuliko wengi. Kazi nyingi za dagaa hufanyika usiku kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa, na kuna mialo ambako mwanamke kupanda mtumbwi wa uvuvi bado ni jambo la kunong'onezewa. Kwa hiyo watafiti wanawake hubakizwa nchi kavu, kisha inasemekana hawana uzoefu wa ziwani. Mambo mawili yametusaidia. La kwanza, kuandika kwenye bajeti fedha za msaidizi wa kumwangalia mtoto wakati wa kazi ya nje. Mara mbili tulizoomba, mfadhili hakuuliza swali. La pili, kumfuata mapema mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi wa mwalo, tukiwa na mama mtu mzima anayeheshimika pale, na kueleza kazi. Salamu ya Kisukuma ya "Mwangaluka" na kukaa chini bila haraka kumefungua milango ambayo barua yenye mhuri haikuifungua.

Sina fedha. Nianzie wapi?

Jiandikishe ORCID, utambulisho wa mtafiti mtandaoni, ni bure, na namba yake ya tarakimu 16 itabaki yako hata ukibadili jina au kazi. Uliza maktaba ya taasisi yako kuhusu Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida ya kulipia kwa bure au kwa bei ndogo sana. Watu wanatoa fedha mfukoni kununua makala ambazo maktaba yao inaweza kuzifungua. Ukitaka matokeo yaonekane kabla ya jarida kuamua, unaweza kuweka andiko la awali kwenye hifadhi za wazi. AfricArXiv ilianzishwa mwaka 2018 kwa ajili ya watafiti wa Afrika. Ila matokeo ya tiba yaseme wazi kwamba hayajahakikiwa, maana mgonjwa anaweza kuyasoma. Na majarida yanayokuandikia "Mheshimiwa Profesa" ilhali hujamaliza uzamili, yakiahidi kuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa, yakimbie.

Kuzungumza na wavuvi nako ni sauti katika sayansi, au ni kazi ya ziada?

Kwangu ni sayansi yenyewe. Siku hizi nasoma uzamivu kuhusu konokono wanaobeba kichocho. Mara ya kwanza nilipoalikwa kwenye mkutano wa BMU nilikwenda na slaidi ishirini. Jenereta ikazimika kwenye slaidi ya nne, na kusema kweli hakuna aliyesikitika.

Mara ya pili nilikwenda na gilasi moja yenye mfuniko uliofungwa vizuri, ndani yake maji na konokono mmoja aliyeambukizwa. Nikaiweka juani kwenye ubao wa mtumbwi, tukazungumza mambo mengine. Baada ya saa moja nikatoa kioo cha kukuzia na kitambaa cheusi cha kuweka nyuma ya gilasi. Mmoja mmoja akainama. Ndani ya maji yaliyoonekana safi kulikuwa na mamia ya vijidudu vyenye mkia, vinachezacheza. Mzee mmoja alitazama muda mrefu, akarudisha kioo, akatazama miguu yake.

Kisha kijana mmoja wa kuvuta wavu wa kokoro akauliza, "Na usiku je? Huwa wanatoka?" Nikamweleza kwamba hawa hutoka zaidi mchana, mwanga unapokuwa mkali. Akasema, "Basi kwa nini mnatuambia tusiingie majini, badala ya kutuambia saa ya kuingia?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Swali lile sasa ni sehemu ya utafiti wangu, nimeongeza vipimo vya alfajiri na vya saa sita mchana kwenye mialo mitatu, na kwenye andiko la mradi nimeandika lilikotoka. Yeye kwangu ni kama mimi nilivyokuwa na swali la 14. Nikimziba mdomo nitakuwa nimejifunza nini?

Lugha hapa ni muhimu. Andika muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili kwa kila makala, kisha umsomee mtu wa mwaloni akusahihishe kabla hujaugawa. Ukiandika "kugusana na maji ya ziwa", atakwambia hakuna anayesema hivyo.

Mimi ni msimamizi. Mnataka nifanye nini?

Asante kwa kuuliza, na si wengi wanaouliza. Kwenye kikao, mdogo kabisa aanze kusema na wewe umalizie, kwa sababu ukishasema wewe kwanza hakuna atakayekupinga, hata ukiomba kupingwa. Kabla ya dodoso kwenda kuchapwa, walitumie wakusanya takwimu kwa siku mbili kijijini, na uwape saa nzima ya kukueleza lilipokwama. Mpe kijana sehemu moja ya bajeti aisimamie na aitolee hesabu. Mwache awasilishe yeye kwenye kongamano, na akikwama usimkatishe, hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Na ukimtaja mbele ya wageni, mtaje kwa jina lake na kazi yake. "Huyu kijana wetu" haimsaidii mtu kukumbukwa.

Nimedhulumiwa kazi yangu. Niende wapi?

Kusanya kwanza: madaftari, barua pepe, mafaili yenye tarehe. Kisha zungumza na mhusika, ukiwa na shahidi mmoja unayemwamini. Isiposaidia, nenda kwa mkuu wa idara, halafu kwa kamati ya maadili ya taasisi. Kama makala imeshachapishwa, mhariri wa jarida naye anapokea malalamiko ya uandishi. Kuanzia mitandaoni nakushauri usifanye hivyo, si kwa sababu huna haki, ila nimeona wenye haki wakipoteza kesi kwa maneno waliyoyaandika usiku wakiwa na hasira. Na usipite njia hii peke yako. Tumewahi kumsindikiza mwenzetu hadi mlangoni, watu wanne, tukakaa kwenye benchi nje hadi alipotoka.

Nikitaka kuja kwenye kikao, nilete nini?

Hutaulizwa una shahada gani wala unatoka taasisi ipi. Leta kitu kimoja unachokitilia shaka: jedwali, grafu, ukurasa wa dodoso. Tunaanza saa nne asubuhi. Mgeni ndiye anayesema kwanza, na hadi amalize sisi tunakunywa chai.